Mbayuwayu hakimbii baridi: uhamaji wa ndege ni nini hasa

Uhamaji wa ndege ni safari ya kwenda na kurudi, inayofanywa kila mwaka kwa majira yaleyale, kati ya mahali pa kuzalia na mahali pa kukaa msimu usio wa kuzaa. Basi. Maana yenyewe haina utata. Shida ni mambo mawili ambayo watu huyabandika juu yake kila mbayuwayu wanapotajwa.

La kwanza ni kumwita mhamaji kila ndege anayetokea na kutoweka. Kweleakwelea hutiwa kapu moja na mbayuwayu, na hapo ndipo ninapochoka. Kweleakwelea hufuata mvua na mbegu za nyasi: mwaka huu wanazaa bonde hili, mwakani wanazaa mbali kabisa kwa kuwa mvua imenyesha kwingine. Hawana miadi na mahali. Mbayuwayu, yule mwenye koo la rangi ya kutu na mkia wa panda, anayo. Aliyezaa katika zizi fulani Uingereza mara nyingi hurudi zizi lilelile Aprili inayofuata, akakarabati kiota chake cha udongo, ilhali katikati amekwenda Afrika Kusini na kurudi, kama kilomita 10,000 kila upande, na uzito wake ni gramu 20 hivi. Mei 1911 wakili mmoja wa Staffordshire, Uingereza, John Masefield, alimvisha mbayuwayu pete ya utambulisho mguuni. Desemba 1912 ndege huyo akapatikana Natal, Afrika Kusini. Kabla ya pete hizo watu walikisia tu. Olaus Magnus, askofu wa Sweden, aliandika mwaka 1555 kwamba mbayuwayu hujizamisha majini wakati wa baridi, na kwamba wavuvi huwavua kwa nyavu.

La pili ni dai kwamba mbayuwayu hukimbia baridi. Mbayuwayu wengi huondoka Ulaya Septemba, siku zikiwa bado na joto la kutosha. Chakula chao ni wadudu wanaoruka, nao huwanasa hewani; wadudu wakipungua, hawana mbadala. Shomoro wa Ulaya anakaa palepale theluji ikianguka, maana mbegu anazipata. Manyoya ya mbayuwayu si mepesi kuliko ya shomoro kiasi cha kumfukuza. Ni njaa inayokuja. Tena hasubiri njaa ifike ndipo aondoke. Mwili husoma urefu wa mchana unavyobadilika. Ndege wadogo wanaohama usiku, wakifungiwa tunduni penye joto na chakula tele, huanza kuhangaika usiku majira ya safari yakiwadia. Hapo baridi iko wapi?

Kama bado kuna ubishi juu ya maana ya uhamaji, tazama Argentina. Mbayuwayu wa Marekani Kaskazini walikuwa wakienda huko msimu wao usio wa kuzaa tu. Mwaka 1980 wachache wakakutwa wanazaa katika mkoa wa Buenos Aires, wakijenga chini ya madaraja, na tangu hapo wameongezeka. Hao sasa kalenda yao imepinduka: wanazaa wakati ambao ndugu zao wa kaskazini hawazai, kisha wanapanda kaskazini mwa Amerika Kusini na kurudi. Ndege ni yuleyule, na uhamaji ni uleule, wa kwenda na kurudi kwa majira.

Kwa hiyo kweleakwelea tuseme anahamahama, na mbayuwayu tuseme anahama. Na wanaopenda kumwita mgeni kutoka Ulaya wanaweza kuendelea, mradi wakumbuke kwamba manyoya ya mbawa anayorukia kurudi huko ameyaotesha Afrika.