Oili Kudondoka Nyuma Hakumaanishi Sili ya Kranki Imekufa

"Fundi, sili ya nyuma ya kranki imekufa, nishushie giaboksi." Sili hiyo ni pete ya mpira inayozuia oili isitoke pale kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, inapotokea upande wa giaboksi. Nimeisikia kauli hii mpaka siku hizi namkatiza mteja kabla hajazima gari. Namuuliza: nani ameiona? Jibu nalo halibadiliki. Doa liko chini, kati ya injini na giaboksi, na kuna mtu wa gereji ya jirani amesema. Hakuna aliyeosha injini wala aliyemulika tochi kwa juu. Wameangalia sakafu, wakaihukumu kranki.

Dhana yenyewe ni kwamba oili inavuja pale inapodondokea. Si kweli, na hii ndiyo inayokula hela za watu kuliko nyingine zote. Oili inashuka ikifuata kona na mbavu za bloku, gari likiwa mwendoni upepo unaisukuma nyuma, kisha inajikusanya sehemu ya chini kabisa na kudondoka hapo. Ni mambo ya paa la bati: maji yanadondokea kwenye kochi, tundu la msumari liko upande mwingine wa chumba.

Chukua IST, Vitz au Probox yenye injini ya 1NZ-FE, maana ndizo zimejaa barabarani. Gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu kabisa ya injini, imepigwa na joto miaka na miaka, mpira umekuwa mgumu kama si mpira tena. Ikianza kupitisha upande wa giaboksi, oili inateremka ubavuni mwa silinda hedi mpaka kwenye maungio ya injini na giaboksi, inazama humo na kutokea chini. Ukilala chini ya gari utaapa ni sili ya kranki. Lakini gasketi ile inabadilishwa boneti likiwa wazi na gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, wakati sili inadai giaboksi nzima ishuke. Wapo walioshusha, wakang'oa sili isiyo na kosa, wakarudishia kila kitu, na doa likarejea palepale. Wengine wa juu wenye tabia hiyohiyo ya kuchafua wa chini ni oringi ya vali ya VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa vali kufunguka), swichi ya presha ya oili na kava ya taimingi cheni.

Kuitafuta si uchawi. Kwanza hakikisha ni oili ya injini, maana ya giaboksi ya otomatiki ikiwa mpya kwa kawaida ni nyekundu, na ikichakaa inafanana na ya injini, hapo tumia pua na upime viwango vyote viwili. Halafu osha injini ikiwa imepoa. Funika alternata na boksi la fyuzi kwa nailoni, na usielekeze mashine ya presha kwenye koili. Ikikauka, washa mpaka ipate joto la kazi, kisha mulika kuanzia juu kwenda chini. Unatafuta unyevu ulio juu kuliko wote. Huo ndio mwanzo. Wa chini yake wote ni majirani waliochafuliwa. Ikiwa haionekani haraka, paka poda ya mtoto sehemu unazozishuku, endesha kidogo, rudi uangalie poda imelowa wapi. Kwa ile inayojificha zaidi kuna rangi ya kuchanganya kwenye oili, unaendesha kisha unamulika kwa taa maalumu na njia nzima inang'aa. Uvujaji mdogo unaweza kutaka siku kadhaa kabla haujajionyesha. Mteja anayetaka jibu akiwa amesimama mlangoni na ufunguo mkononi ndiye anayeishia kushushiwa giaboksi.

Na giaboksi ikibidi ishuke kweli, kuna kitu nalazimisha kwa kila mteja, apende asipende: vali ya PCV ikaguliwe kwanza. Hiyo ndiyo inayoipumulisha injini. Ikiziba, hewa inayopenya kwenye ringi za pistoni inakosa pa kwenda, presha inapanda ndani ya kizimba cha kranki, na oili inasukumwa nje kupitia sili iliyo dhaifu kuliko zote. Ukiweka sili mpya na kuiacha vali imeziba, unaitafutia hiyo mpya kifo kilekile. Ni kipuri cha bei ndogo, na cha ajabu ndicho wateja wanachokikata kwenye orodha kwanza.

"Weka oili nzito, itaacha." Haitaacha. Hata oili nzito ya 20W-50 ikifika nyuzi joto 100 bado inatiririka vizuri tu, vinginevyo injini isingefanya kazi. Labda matone yatapungua kwa muda, basi, wewe ukafurahi, huku gasketi ikiendelea kufa. Asubuhi oili nzito inachelewa kufika juu kwenye kemu, shafti inayofungua vali, na VVT-i yenyewe inaendeshwa na oili inayopita kwenye vijitundu vyembamba. Soma kitabu cha gari lako kinataka namba gani, uitumie hiyo.

"Fundi, kaza tu boliti." Mpira uliokauka haulainiki kwa spana. Boliti za tapeti kava kwenye 1NZ-FE zinataka kama Nm 10, nguvu ya mkono usio na hasira. Ukizidisha unakata boliti au unaua nyuzi za aluminiamu, na sampu ya bati, lile bakuli la oili chini ya injini, unaipinda mdomo ikaanza kuvuja mahali palipokuwa pazima. Dawa za chupa za kuzuia kuvuja nazo zinalainisha mpira kidogo, kwa muda. Gasketi iliyokatika haziiungi.

Silikoni, ile gundi ya kuzibia, inahitaji maneno zaidi, kwa sababu si uongo mtupu. Sampu ya 1NZ-FE haina gasketi. Kiwandani imefungwa kwa gundi ya aina hiyo. Kwenye tapeti kava ni kidoti tu, kwenye zile kona mbili ambapo kava ya taimingi inakutana na silinda hedi. Ninachokuta mimi ni silikoni imezungushwa kila mahali juu ya gasketi ya zamani, bila hata kufuta mafuta. Haishiki. Inayobanwa kwa ndani inakatika vipande, inaanguka kwenye sampu na kwenda kukaa kwenye chujio la pampu. Baada ya hapo hatuzungumzii tena uvujaji, tunazungumzia ovahoo, yaani kuifungua injini nzima na kuitengeneza upya. Sehemu inayostahili silikoni ikwanguliwe, ifutwe ikauke, upakwe mstari mwembamba, ifungwe kabla gundi haijakauka, na oili isimiminwe mpaka yapite angalau masaa mawili. Fundi anayepaka na kumimina hapohapo anakuandalia safari ya pili.

Kama uvujaji umeanza baada ya kubadilisha oili, usiite mtu aje na nadharia. Angalia washa ya boliti ya sampu, kisha filta: mpira wa filta ya zamani mara nyingine unabaki umeganda kwenye injini, wa mpya unawekwa juu yake, na mipira miwili haikai.

La mwisho ni hili la "taa haijawaka, kwa hiyo oili ipo." Ile taa nyekundu inasoma presha, haisomi kiasi. Injini hii inabeba kama lita 3.7 pamoja na filta, na unaweza kupoteza sehemu kubwa ya hizo bila taa kusema neno. Inapowaka, presha imeshashuka na beringi zinaweza kuwa zinasagana. Gari linalovuja lipimwe kwa stiki kila wiki, likiwa sehemu tambarare, injini ikiwa imezimwa dakika kadhaa. Na taa ikiwaka barabarani, zima hapohapo, piga simu uvutwe. Usiniambie gereji ilikuwa karibu.