NFC North 2026: msimamo wa mwaka jana usikudanganye

Chicago Bears wanaingia msimu wa 2026 wa NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, kama mabingwa wa NFC North, divisheni ya timu nne, walimaliza 11-6 (ushindi 11, kufungwa 6), na tabiri nyingi nnazosoma zinaanzia hapo hapo, Chicago juu, Green Bay (Packers) anafata, Minnesota (Vikings), alafu Detroit (Lions) mkiani kwa sababu mwaka jana alikuwa mkiani. Mi naona huko ni kukopi msimamo wa zamani na kuupa jina la utabiri. Kazi yangu ni takwimu, na ikifika kipindi hiki siangalii sana nani alishinda mechi ngapi, naangalia alizishindaje. Na niseme mapema kabisa, mi ni mtu wa Packers, kwa hiyo hizi timu tatu zingine nazifatilia kama mtu anavyofatilia nyendo za mpinzani wake, karibu kuliko mashabiki wao wengine.

Hebu turudi kwenye ule msimamo. Chicago 11-6, Green Bay 9-7-1 (ile 1 ni sare), Minnesota 9-8, Detroit 9-8, Minnesota akakaa juu ya Detroit kwa sababu alimpiga mechi zote mbili. Sasa weka tofauti ya pointi pembeni, ni kitu kile kile cha tofauti ya magoli kwenye soka: Chicago +26, Green Bay +31, Minnesota +11, Detroit +68. Soma tena hiyo ya mwisho. Aliyeshika mkia ndo mwenye tofauti kubwa kuliko wote, na bingwa yuko chini hata ya Packers.

Kuna hesabu ya kupima hili, ilianzia kwenye besiboli kwa mtakwimu Bill James, baadae Daryl Morey akaiweka sawa kwa ajili ya futiboli hii. Unachukua pointi ulizofunga unazipandisha kwa kipeo cha 2.37, unagawanya kwa jumla ya hizo na zile ulizofungwa zikiwa zimepandishwa vile vile, alafu unazidisha kwa mechi 17. Bears walifunga 441 wakafungwa 415, inakupa ushindi wa mechi 9. Lions 481 kwa 413, inakupa 10. Yaani kwa jinsi walivyocheza dakika zote, sio zile za mwisho tu, Detroit ilikuwa timu ya mechi 10 iliyoambulia 9 na Chicago timu ya mechi 9 iliyopata 11.

Mtu atasema ushindi ni ushindi, nani anajali ulishinda kwa ngapi. Kwa msimu uliopita ni kweli, kombe halipokonywi. Ila kwa msimu unaokuja tofauti ya pointi inaona mbali kuliko rekodi, na mfano mzuri uko humu humu kwenye divisheni yetu. Vikings wa 2022 walimaliza 13-4, mabingwa wa NFC North, lakini pointi walifunga 424 wakafungwa 427. Mechi zilizoisha ndani ya pointi 8, yaani zile ambazo tachidauni moja (kuufikisha mpira eneo la mwisho, pointi 6) pamoja na konvasheni ya pointi 2 (jaribio la nyongeza baada yake) ingesawazisha, walicheza 11 wakashinda zote 11. Na walipofungwa walifungwa haswa, Dallas aliwapiga 40-3, Green Bay 41-17, Philadelphia 24-7, Detroit 34-23. Ile hesabu iliwapa ushindi wa mechi 8 na kidogo. Giants wakawatoa kwao wenyewe raundi ya kwanza ya mtoano, na mwaka uliofata wakamaliza 7-10. Ni kweli kotabeki wao (mrusha pasi mkuu) Kirk Cousins alichanika kano ya kisigino Oktoba 2023, lakini zile mechi za kubana zilikuwa zimeshaanza kuwageuka tangu Septemba.

Au chukua Kansas City. 2024 walimaliza 15-2, dunia nzima ikasema hawa hawafungiki mechi ikibana. Pointi zao 385 kwa 326, hesabu ikasema hii ni timu ya mechi 10. Mwaka 2025 wakaishia 6-11. Goti la kotabeki wao Patrick Mahomes lilienda katikati ya Desemba, wakati huo msimu wao ulikuwa umeshaharibika.

Sasa Chicago wa 2025. Katika ushindi wao 11, ushindi 7 ulikuwa ndani ya pointi 8: Raiders 25-24, Washington 25-24, Bengals 47-42, Giants 24-20, Vikings 19-17, Steelers 31-28, na sisi 22-16. Angalia ule wa Raiders, Josh Blackwell wa Chicago aliizuia fildi goli (mpira wa kupigwa katikati ya nguzo, pointi 3) kwenye dakika ya mwisho, ikipita ile wamefungwa. Ule wa Washington ndo wa kusimulia zaidi, Washington wako mbele 24-22, mpira wanao wao, kazi iliyobaki ni kula muda tu, kotabeki wao Jayden Daniels na mkimbiaji wake wakashindwa kupokezana mpira, ukadondoka chini, Chicago wakauokota, wakasogea taratibu, na Jake Moody, ambaye alikuwa anamshikia nafasi Cairo Santos aliyeumia, akapiga fildi goli saa ikiisha. Hapo Chicago walifanya nini cha kwao? Walikuwa tayari, walikimbilia mpira, sawa. Lakini mpira ule unadunda unavyotaka, na ukishakuwa chini nani anauokota ni karibu nusu kwa nusu miaka yote. Huwezi kuja Agosti ukapanga kwamba mwaka huu pia wapinzani watatuangushia.

Na hili ndo kubwa zaidi kwangu: kwenye hesabu ya mipira waliyopora ukitoa waliyopoteza, Bears waliongoza ligi nzima kwa +22. Hiyo namba ni kubwa sana, na timu zikifika huko juu mwaka unaofata huwa zinarudi chini, zingine nusu, zingine hadi sifuri. Upande wa kutopoteza mpira nawapa heshima yao, Ben Johnson kama kocha amemtuliza kotabeki wao Caleb Williams, kijana ambaye 2024 aliangushwa na mpira mkononi mara 68 na mwaka jana hata nusu ya hizo hakufika, mstari wa mbele uliimarishwa na ilionekana. Hiyo ni maendeleo ya kweli na itabaki. Upande wa kupora ndo sio wa kutegemea, intasepsheni (pasi iliyonaswa na mpinzani) nyingi zinatoka kwenye mpira uliogongwa mkononi au kotabeki aliyekosea tu siku hiyo.

Kuna kitu lazima nikiweke mezani, maana mashabiki wa Chicago watanirukia na wana haki. Ile tofauti ya Lions na Bears, sehemu kubwa imetoka kwenye mechi moja, wiki ya pili kule Detroit, Lions 52 Bears 21. Pointi 31 siku moja. Ukiitoa, Chicago anakuwa +57 na Detroit +37, picha inageuka kabisa. Nimeipima sana hii. Ninachosema ni kwamba ukitoa ile lazima utoe na kipigo cha 31-3 ambacho Bears walimpa Cleveland, na Lions pia utoe mechi yao mbaya, na ukishaanza kuchagua utabaki na unachokitaka wewe. Ila inanifanya nisiseme kwamba Detroit yuko mbali na wengine. Yuko mbele kidogo, basi.

Kinachomsukuma Detroit zaidi kwenye hesabu zangu ni ratiba. Hapa wengi hawaangalii kabisa. Kila timu ina mechi 17: sita na wapinzani wa divisheni yake, nyumbani na ugenini, nne na divisheni nyingine ya konfarensi yake (NFL ina mbili, NFC na AFC), nne na divisheni ya konfarensi ya pili, na tatu zilizobaki unapangiwa kulingana na nafasi uliyomaliza. Mwaka huu NFC North wote wanacheza na NFC South na AFC East, hizo ni sawa kwa wote. Tofauti iko kwenye zile tatu. Bears kwa kuwa wa kwanza wanakutana na Philadelphia, Seattle ambao ndo mabingwa wa Super Bowl (fainali ya ligi), na Jacksonville waliomaliza 13-4. Lions kwa kuwa wa mwisho wanakutana na Giants waliomaliza 4-13, Arizona 3-14 na Tennessee 3-14. Mwaka jana Chicago ndo alikuwa na ratiba ya mtu wa mwisho, akapewa Raiders, Saints na 49ers, akashinda mbili. Mechi tatu zinaonekana chache, lakini divisheni iliyotenganishwa na mechi mbili tu kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, mechi tatu ni kila kitu.

Minnesota sina mengi. Walimaliza kwa kushinda tano mfululizo, ikiwemo kutupiga sisi 16-3, difensi (ulinzi) ya kocha Brian Flores bado inatisha, na kila kitu kinategemea watapata nini kwa kotabeki. Ukiwa na swali kwenye nafasi hiyo mi sikuweki juu ya wa tatu, mpaka nione.

Sisi sasa. Msimu wetu uligeuka 14 Desemba kule Denver, nyota wetu wa ulinzi Micah Parsons alipochanika kano ya goti. Baada ya hapo hatukushinda tena mechi. Wiki iliyofata Soldier Field, uwanja wa Chicago, tulikuwa mbele 16-6, zimebaki kama dakika mbili, wakapata fildi goli, wakapiga mpira mfupi wa kujirudishia, ukamponyoka Romeo Doubs wetu, wakasawazisha, na kwenye muda wa nyongeza DJ Moore wao akamaliza kwa pasi ya yadi 46. Alafu Januari kwenye mtoano, hapo hapo kwao, tukaongoza 21-3 mapumziko, tukafungwa 31-27. Iliniuma na bado inaniuma. Lakini kwa macho ya takwimu, timu iliyoongoza hivyo mara mbili kwenye uwanja wa bingwa haina pengo kubwa na bingwa. Swali letu ni goti. Jeraha kama lile linachukua miezi tisa hivi na mara nyingi zaidi, hesabu kutoka katikati ya Desemba unafika katikati ya Septemba ukiwa na bahati, kwa hiyo wiki za mwanzo panga kama hayupo. Na ratiba yetu ya nafasi ya pili ni Dallas, Rams na Houston, sio rahisi hata kidogo.

Kuhusu mechi za majaribio za Agosti, wadau mlioko Afrika Mashariki msikeshe. Nyingi zinachezwa jioni kule, huku ni saa 8 usiku, na wachezaji wakubwa wengi hawagusi uwanja. Lions wa 2008 walishinda zote nne za majaribio, msimu wakamaliza 0-16. Browns wa 2017 vile vile, nne kwa nne, alafu 0-16. Mi kwenye hizo mechi naangalia mstari wa mbele tu, nani anasimama na kundi la kwanza, hasa Detroit ambao tangu senta wao Frank Ragnow astaafu 2025 pale katikati hapajatulia, na naangalia ripoti ya majeruhi.

Kwa hiyo namba zangu ni hizi: Detroit 11, Green Bay 10, Chicago 9, Minnesota 8. Chicago kuwa na 9 haimaanishi watakuwa wabaya kuliko mwaka jana, wanaweza kucheza vizuri zaidi kila wiki na bado wakapata ushindi pungufu, na hilo nitalifatilia kwa tofauti yao ya pointi kufikia wiki ya nane. Wakiwa wamezidi +50 hapo, nawapandisha juu yetu siku hiyo hiyo.