Sehemu ni namba moja: dhana potofu zinazowaponza wengi

Kiswahili kinaita 1/3 theluthi, 1/4 robo, 1/5 humusi, 1/6 sudusi, 1/8 thumuni. Kila sehemu ina jina lake moja, na ndivyo inavyostahili, kwa kuwa ni namba moja yenye mahali pake kwenye mstari wa namba. Makosa mengi huanza pale mtu anapoona namba mbili zilizotenganishwa na kistari, akaanza kuzishughulikia kila moja kivyake.

Dhana: 1/8 ni kubwa kuliko 1/5, maana 8 inazidi 5.

Ukweli: Asili, yaani namba ya chini, inaeleza kitu kizima kimekatwa vipande vingapi. Vipande vikiwa vingi, kila kimoja huwa kidogo. Kwa hiyo thumuni ni ndogo kuliko humusi. Ila usiangalie asili peke yake pale namba za juu zinapotofautiana: 3/8 inaizidi 1/5, kwani ni 15/40 dhidi ya 8/40.

Dhana: 5/6 na 7/8 ni sawa, kwa sababu kila moja imepungukiwa kipande kimoja.

Ukweli: Nalipenda kosa hili, maana nusu ya hoja ni sahihi. Kipande ni kimoja kweli, lakini sudusi hailingani na thumuni. Iliyopungukiwa kidogo ndiyo kubwa, nayo ni 7/8. Ukitaka kuhakikisha, tumia asili ya 24: 20/24 na 21/24.

Dhana: Kujumlisha sehemu ni kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini.

Ukweli: Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Kwa njia hiyo 1/2 + 1/3 inakuwa 2/5. Kabla hata ya kutaja kanuni, litazame jibu lenyewe: 2/5 haifiki nusu. Umeanza na nusu, ukaongeza, kisha ukabaki na pungufu ya ulichoanza nacho! Vipande visivyolingana havihesabiki pamoja mpaka vikatwe kwa ukubwa mmoja: 3/6 + 2/6 = 5/6.

Kosa hili si la uvivu. Mchezaji akifunga penalti 1 kati ya 2, kisha 1 kati ya 3, ni kweli amefunga 2 kati ya 5. Lakini hapo tumeunganisha makundi mawili, na kizima kimekuwa penalti 5. Tunapojumlisha sehemu, kizima ni kilekile tangu mwanzo hadi mwisho.

Mwaka 1978, katika tathmini ya kitaifa ya Marekani, wanafunzi wa miaka 13 waliulizwa jibu la 12/13 + 7/8 linakaribia lipi kati ya 1, 2, 19 na 21. Kila sehemu inakaribia 1, hivyo jibu ni 2. Waliolichagua walikuwa asilimia 24 tu. Zaidi ya nusu walichagua 19 au 21, ambazo ni 12 + 7 na 13 + 8. Hawakuiona sehemu kama namba moja.

Dhana: Kuzidisha hukuza, kugawanya hupunguza.

Ukweli: Ni hivyo kwa namba nzima kubwa kuliko 1. 1/2 × 1/3 ni nusu ya theluthi, yaani 1/6. Na 3 ÷ 1/4 inauliza robo ngapi zimo ndani ya 3: zimo 12.

Dhana: Tarakimu inayojirudia juu na chini hufutwa.

Ukweli: Futa 6 kwenye 16/64 upate 1/4. Jibu ni sahihi, ila kwa bahati tu. Futa 3 kwenye 13/39 na utapata 1/9, kumbe ni 1/3. Kurahisisha ni kugawanya juu na chini kwa namba ileile: kwa 16 katika sehemu ya kwanza, kwa 13 katika ya pili.