Kapsuli za majani ya mzeituni: geuza chupa usome nyuma

Mgonjwa wa presha akiniletea dukani chupa ya kapsuli za majani ya mzeituni, naigeuza kwanza nisome nyuma. Mbele huwa pameandikwa miligramu 500 kwa herufi kubwa, na namba hiyo peke yake haisemi kitu. Mimi natafuta oleuropeini, kemikali inayolifanya jani la mzeituni liwe chungu. Hiyo hiyo ndiyo inayofanya zeituni mbichi isilike mpaka ilowekwe kwenye maji ya chumvi. Lebo ikisema dondoo (kiini kilichotolewa kwenye majani) ya miligramu 500 yenye oleuropeini asilimia 20, basi kila kapsuli ina miligramu 100 za kitu unachokitaka. Isipotaja asilimia, huenda ni majani makavu yaliyosagwa tu, nawe umelipia bei ya dondoo.

Je, zinasaidia? Kwa presha, kiasi fulani ndiyo. Utafiti unaotajwa sana ulifanyika Indonesia na kuchapishwa 2011. Wenye presha ya kiwango cha kwanza, yaani iliyopanda kiasi, walitumia miligramu 500 za dondoo mara mbili kwa siku kwa wiki 8, wenzao wakatumia captopril, dawa ya presha ya hospitali. Namba ya juu ya kipimo cha presha ilishuka kama pointi 11.5 kwa wa mzeituni, na kama 13.7 kwa wa captopril. Wauzaji huishia hapo. Hawakwambii kwamba captopril yenyewe ilikuwa ya dozi ndogo, wala kwamba hapakuwa na kundi lililopewa kapsuli za kuigiza zisizo na dawa, kwa hiyo hatujui presha ingeshuka kiasi gani bila dawa yoyote.

Kuhusu sukari, utafiti wa New Zealand wa 2013 ulionyesha insulini ikifanya kazi vizuri zaidi mwilini mwa wanaume wanene kiasi, lakini hao hawakuwa wagonjwa wa kisukari. Matangazo ya kutibu malaria, VVU na kansa yapuuze kabisa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kuchanganya. Kitu kinachoshusha presha, ukikiongeza juu ya vidonge vya presha kama amlodipine au losartan, kinaweza kukushusha kupita kiasi: unasimama, kizunguzungu, unatafuta ukuta wa kushika. Anayechoma insulini au kumeza glibenclamide, kidonge cha kisukari, naye awe macho na jasho la ghafla na kutetemeka, dalili za sukari kushuka mno. Mjamzito na anayenyonyesha asitumie, ushahidi wa usalama hautoshi.

Ukiamua kutumia, mwambie daktari wako kwanza, na vidonge vyako usiviache. Meza pamoja na chakula, maana tumbo tupu huwa linasumbuka. Pima presha asubuhi ukiwa umekaa na kutulia dakika 5, andika kwenye daftari, uende nalo kliniki. Namba ya juu ikishuka chini ya 100, au ukihisi kizunguzungu, acha kapsuli na umwone daktari siku hiyo hiyo.

Na mafuta ya zeituni ya jikoni usiyahesabu kama mbadala. Ni mazuri kwa chakula, ila oleuropeini iliyomo ni kidogo mno.