Je, wajua jaribio la kisaikolojia linavyokisia meneja mwanamke atapanda hadi wapi?

Mwanamke anayeomba umeneja Dar es Salaam anaweza kuambiwa kwamba kabla ya usaili wa ana kwa ana atapewa jaribio la kisaikolojia. Swali linakuja lenyewe: karatasi itajuaje nitafika wapi?

Kampuni ya simu ya Marekani, AT&T, ilianza mwaka 1956 kuwapima mameneja vijana na kuwafuatilia kwa miaka mingi, kazi iliyoongozwa na mwanasaikolojia Douglas Bray. Wote walikuwa wanaume. Mwaka 1973 kampuni hiyo iliafikiana na serikali, mbele ya mahakama, kuacha ubaguzi kazini, na wanawake nao wakaanza kupimwa kwa wingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1983 uliwaangalia mameneja wanawake 1,097 miaka saba baada ya kupimwa. Uhusiano kati ya alama zao na vyeo walivyofikia ulikuwa 0.42, ambapo 0 ni kubahatisha tu na 1 ni kupatia bila kukosea. Sifa zilizowapandisha zilifanana na zile zilizowapandisha wanaume.

Siri ni kwamba hawakuulizwa tu wao ni watu wa namna gani. Walipewa kazi waifanye. Zoezi mojawapo ni trei ya barua. Tuseme ni tawi la benki Kariakoo: mteja analalamika pesa zimekatwa na hazijafika, keshia anaomba ruhusa ya msiba, makao makuu yanataka ripoti kabla ya saa kumi na moja jioni. Unaanza na lipi? Unamkabidhi nani? Mpimaji anatazama maamuzi yako, kisha anakuuliza sababu.

Hata hivyo 0.42 inaacha mengi nje, na hapa ndipo pananikera. Cheo hutolewa na bosi. Mwaka huohuo wa 1973 mwanasaikolojia Virginia Schein aligundua kwamba mameneja wanaume walimwelezea meneja bora kwa sifa zilezile walizompa mwanamume. Kwa bosi wa aina hiyo, mwanamke atafaulu jaribio na bado abaki palepale.

Kwetu, kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza kumbagua mtu kwa jinsi, ndoa au ujauzito. Kwa hiyo fomu inayouliza utazaa lini haipimi uongozi hata kidogo, na mwombaji ana haki ya kuhoji imewekwa ya nini.