Kombe la Dunia lina wenyewe: yanayosemwa kijiweni na ukweli wake

Shabiki wa kijiweni atakutajia wafungaji wa fainali kuanzia 1974 hadi leo bila kukosea. Muulize kombe lenyewe kalitengeneza nani, utasikia: "Si FIFA, huko huko Uswisi?" Hapo huwa naumia, kwa sababu kazi hii ina wenyewe, na ni familia moja.

"Linatoka kiwandani kwa FIFA." Hapana. Linatoka Italia, kwenye karakana aliyoianzisha Emilio Bertoni mjini Milano mwaka 1900. Siku hizi karakana hiyo iko Paderno Dugnano, pembeni mwa Milano, ina mafundi wachache tu na inaongozwa na kizazi cha nne cha familia. Aliyelibuni kombe hakuwa wa ukoo huo. Ni mchongaji wao, Silvio Gazzaniga, aliyeona kwamba mchoro wa karatasi hautamwingia mtu akilini, akatengeneza na mfano wa plasta. Kazi yake ilichaguliwa kati ya 53 kutoka nchi 7. Na ile si mikono inayoshika mpira, kama wengi wanavyodhani. Litazame kwa karibu: ni wanamichezo wawili waliopeana migongo, miili yao imejipinda kwenda juu, wameibeba dunia kwa furaha ya ushindi.

"Walitengeneza jipya kwa sababu la zamani liliibwa." Lile la zamani, Kombe la Jules Rimet, liliibwa Rio de Janeiro Desemba 1983. Wakati huo hili la Bertoni lilikuwa limeshachukuliwa na Ujerumani Magharibi, Argentina na Italia. Sababu halisi ni kwamba Brazil ilishinda mara ya tatu mwaka 1970, ikapewa lile moja kwa moja.

"Basi hata hili, ukilichukua mara tatu ni lako." Ujerumani wamelichukua 1974, 1990 na 2014. Argentina 1978, 1986 na 2022. Hakuna aliyebaki nalo. Utaratibu ule ulifutwa, na bingwa hupewa nakala iliyochovywa dhahabu.

"Ni dhahabu tupu, imejaa hadi ndani." Lina urefu wa sentimita 36.8 na uzito wa kilo 6.175. Dhahabu yake ni ya karati 18, yaani robo tatu ndiyo dhahabu safi. Mwanakemia Martyn Poliakoff wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, alipiga hesabu akasema kama lingejaa ndani lingepita kilo 70. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Hebu fikiria nahodha aliyecheza dakika 120 aunyanyue mzigo kama huo kwa mikono miwili na kurukaruka nao! Ndani lina uwazi. Pete mbili za kijani kwenye kitako ni malakaiti, jiwe wanalolijua vizuri sana watu wa Katanga, kule Kongo.

"Nakala ni kopi tu, mashine inatema." Hili ndilo linaloniuma zaidi. Nakala humiminwa kwa shaba, ikitoka kwenye kalibu ina ngozi mbaya, yenye mikwaruzo na vipele. Fundi anaishika, anapita na patasi ndogo na nyundo, mkunjo mmoja baada ya mwingine, hadi mistari ya migongo ya wale wanamichezo ionekane. Baadaye inang'arishwa, inasafishwa mafuta yote, inachovywa kwenye maji ya dhahabu, kisha inavalishwa pete za kijani. Alama ya kidole ikisahaulika kabla ya kuchovya, dhahabu haishiki vizuri pale. Mashine gani ina jicho hilo?

Kombe la Mataifa ya Afrika linaloshindaniwa tangu 2002 nalo limetoka kwenye karakana hiyo hiyo. AFCON ya 2027 imepangwa kuchezwa kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania. Kombe likipitishwa mtaani kwako, lisogelee uitazame kazi ya mafundi wa Bertoni.