Mkataba wa hali bora si tangazo la Mei Mosi, wala si kikao cha Baraza la Wafanyakazi

Mkataba wa hali bora ni makubaliano ya maandishi kuhusu mishahara, posho, saa za kazi na masharti mengine ya ajira, ambayo mwajiri na chama cha wafanyakazi huyafikia kwa majadiliano na kuyatia saini. Kwa mujibu wa kifungu cha 71 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, mkataba wa namna hiyo huzibana pande zote mbili, na nakala yake hupelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Fasili hiyo inatosha.

Tatizo ni jinsi jina hili linavyobandikwa siku hizi kwenye kila jambo jema linalomfikia mwalimu. Katika Mei Mosi ya kitaifa ya mwaka 2025, iliyofanyika Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai mwaka huo, na haukupita muda kabla sijawasikia walimu hapa Dodoma wakisema kwamba mkataba wa hali bora umepatikana. Nyongeza hiyo ilistahili kushangiliwa, na vyama vilikuwa vimeidai kwa sauti kubwa. Hata hivyo, ulikuwa uamuzi wa mwajiri peke yake, usio na kifungu ambacho chama kilikubali au kukataa. Kabla yake zimepita Mei Mosi ambazo watumishi walirudi nyumbani bila nyongeza yoyote, na hawakuwa na hati ya kudai kilichokosekana. Mkataba ukivunjwa, kifungu cha 74 cha sheria hiyo kinaelekeza mgogoro uende kwanza kwa usuluhishi katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na usuluhishi ukishindikana, uende Mahakama ya Kazi. Tangazo la jukwaani halina njia hiyo.

Mkanganyiko unaonikera zaidi, kwa kuwa unarudiwa hata na watu waliokalia viti vya uongozi wa matawi, ni ule wa kuchanganya mkataba wa hali bora na Baraza la Wafanyakazi, yaani chombo cha ndani ya taasisi ambamo watumishi hushauriana na uongozi. Naelewa unakoanzia. Baraza nalo huundwa kwa mkataba, na mkataba huo hutiwa saini na walewale wawili, yaani mwajiri na chama, mara nyingi mbele ya wapiga picha, huku msomaji wa risala akitaja sheria zilezile za mwaka 2003 na 2004. Aliyekaa nyuma ya ukumbi ana haki ya kudhani kwamba masharti ya ajira yake yametiwa saini siku hiyo. Kilichotiwa saini, hata hivyo, ni utaratibu wa ushirikishwaji, ambao asili yake ni Agizo la Rais Na. 1 la mwaka 1970, wakati wa Mwalimu Nyerere, na ambao sheria ya mwaka 2004 inaushughulikia katika kifungu cha 73, mbali na kile cha 71. Mwenyekiti wa baraza ni mkuu wa taasisi mwenyewe. Wajumbe hupitia bajeti, husikiliza taarifa ya utekelezaji na kutoa ushauri, na hiyo ni kazi yenye thamani kubwa inapofanywa kwa dhati. Lakini katika majadiliano ya hali bora mwajiri hawi mwenyekiti wa upande wa pili: anakaa ng'ambo ya meza, na kifungu cha 68 kinamtaka ajadiliane kwa nia njema.

Kwa mwalimu wa shule ya serikali lipo jambo jingine. Mkurugenzi wa halmashauri, awe wa Bahi, Chamwino au Kongwa, hawezi kusaini mkataba wa mshahara wa walimu wake, kwa sababu viwango vya mishahara hupangwa kitaifa. Ndiyo maana Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma Na. 19 ya mwaka 2003 iliweka mabaraza ya pamoja ya majadiliano, ambamo wawakilishi wa serikali hukutana na wa wafanyakazi, na bahati mbaya nayo yanaitwa mabaraza. Tume ya Utumishi wa Walimu, yenye makao makuu papa hapa Dodoma, si upande wa wafanyakazi katika majadiliano hayo, kwa maana ni chombo cha serikali kinachosimamia ajira, maendeleo na nidhamu ya walimu. Upande wa mwalimu ni chama cha wafanyakazi, kile ambacho mwanachama hukatwa mshahara kwa ajili yake; wanachama wa Chama cha Walimu Tanzania wamekuwa wakikatwa asilimia 2.

Kwa hiyo mwalimu anayetoka kwenye kikao cha baraza anaweza kusema kwa usahihi kabisa kwamba wameshauriana juu ya maslahi ya watumishi, na aliyesikia tangazo la Singida anaweza kusema kwamba serikali imepandisha mshahara. Neno mkataba wa hali bora naomba walihifadhi kwa siku watakapoweza kumwuliza mwakilishi wao ulisainiwa lini, unaisha lini na nakala yake iko wapi.